Kabla hujabadilisha injekta za pikapu ya dizeli, fungua kwanza tangi na filta (yaliyonikuta na Hilux 1KD)

Mzigo wa Pugu (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Uzi ni mrefu, lakini kama una pikapu ya dizeli na inakulisha hapa mjini, naomba usiishie njiani. Mwezi wa nne nilibakiza kidogo tu ninunue injekta nne (vile vinyunyizi vya dizeli kwenye injini) ambazo gari haikuzihitaji.

Gari ni Hilux yenye injini ya 1KD, lita 3, ile ya D-4D. Inabeba saruji, nondo na vigae kutoka Barabara ya Pugu kwenda saiti za watu Chanika, Kibamba, Mbezi, mara moja moja Kibaha. Haipumziki isipokuwa Jumapili.

Ilianza na selfu. Zamani nikigusa ufunguo inawaka. Ghafla ikawa inazunguka, inazunguka, ndipo inashika. Nikasingizia betri. Wiki iliyofuata nina mifuko 15 ya saruji, natoka Ubungo napandisha Kimara, mvua za masika zimekolea, gari ikakata pumzi. Nakanyaga, haiendi. Taa ya injini ikawaka, ikazima katikati ya barabara, nyuma honi tupu. Nikazima swichi, nikasubiri kidogo, nikawasha, ikaondoka kama haina ugonjwa. Kimara Mwisho ikarudia.

Gereji ya kwanza walichomeka mashine, ikasoma P0087, yaani presha ya dizeli kwenye reli (bomba la pamoja linalogawia injekta zote dizeli) iko chini ya inayotakiwa. Jibu likatoka palepale: injekta zimekwisha, zote nne. Nikatajiwa bei ambayo ningenunua bodaboda mpya na chenji ikabaki. Nikaomba siku mbili nitafute hela.

Katika hizo siku mbili nikakutana na mzee mmoja wa Tabata ambaye maisha yake yote ametengeneza pampu za dizeli. Hakugusa mashine. Aliniuliza, "Mwanangu, mara ya mwisho umemwaga maji lini?" Nilinyamaza. Gari ninayo mwaka wa tatu, sikuwahi.

Akakata shingo ya chupa ya maji ya lita moja na nusu, akaishika chini ya filta, akalegeza kile kizibo cha chini kwa vidole, kisha akaniambia nibonyeze ile pampu ya mkono juu ya filta. Nikabonyeza. Kilichotoka kwanza kilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Nikadhani ni dizeli chafu. Mzee akainua chupa juani, akaitingisha, akaiacha itulie. Baada ya dakika chache ikajigawa: juu dizeli ya njano, chini maji karibu vidole vitatu, na katikati, pale yanapokutana, utando mweusi unaoteleza kama mlenda. Ule utando ni vijidudu. Vinaishi kwenye mpaka wa maji na dizeli, vinakula dizeli na kuzaliana humo humo tangini.

Tukashusha tangi. Ndani kutu ya unga, mlenda mweusi pembeni, na kichujio cha bomba linalonyonya dizeli kimeziba zaidi ya nusu. Filta ya zamani tukaipasua kwa msumeno: karatasi nyeusi, mikunjo imelaliana kama kitabu kilicholowa. Pampu ilikuwa inanyonya kupitia tundu la sindano. Kwa mzigo na kilima presha itatoka wapi?

Tangi tukaliosha kwa dizeli safi mara tatu (msioshe kwa maji, jamani), tukakausha, tukabadilisha filta, mipira miwili iliyopasuka, na valvu ya SCV iliyo kwenye pampu (inayopima dizeli inayoingia) kwa sababu maji yalishaifanya ikwame. Injekta hatukugusa. Gari imerudi.

Nimejiuliza yale maji yalitoka wapi, nimepata majibu matatu. Mpira wa mfuniko wa tangi ulikuwa umepasuka, na mimi gari naiosha kwa mashine ya presha. Halafu nilikuwa nalaza gari na robo tangi kila siku. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, usiku ikipoa ndani ya tangi tupu inageuka matone, kidogo kidogo kila siku. La tatu ndilo linaloniuma: kuna miezi nilinunua dizeli ya madumu barabarani kwa sababu ilikuwa nafuu. Ile nafuu nimeilipa yote.

Karibuni tuongeze. Nataka pia kufunga filta ya pili, wenye uzoefu mniambie.

---

Fundi Pampu

Mkuu umeleta uzi wa maana sana. Niko kwenye kazi hii na naona magari ya namna hii kila wiki masika yakianza. Naongezea mambo ambayo mafundi wengi wanayapita.

Presha kwenye reli ya 1KD ikikazwa inafika baa 1,600 hivi. Tairi lako la nyuma likiwa na mzigo halifiki baa 5. Sasa fikiria kipande cha chuma ndani ya injekta kinachofungua na kufunga kwa presha hiyo, nafasi kati yake na ukuta wake ni mikroni chache tu. Unywele wa mtu ni kama mikroni 70. Tone la maji likipita hapo, dizeli iliyokuwa inalainisha chuma haipo, chuma kinakwaruza chuma. Mkwaruzo mmoja unatosha, injekta inaanza kuvuja ndani kwa ndani.

Hili la pili ni la usalama, naomba kila fundi kijana anayesoma alishike. Kwenye injini za zamani, 2L, 3L, 1HZ, ulikuwa unalegeza nati ya bomba la nozeli injini ikiwa inaunguruma ili ujue silinda gani imekufa. Presha pale nozeli inapofunguka ilikuwa baa mia na kitu. Usifanye hivyo kwenye injini ya reli. Dizeli ikitoka kwenye mpasuko mdogo kwa presha ile inapenya ngozi kama sindano na kuingia mwilini. Kidonda kinaonekana kidogo, kama umechomwa na mwiba, lakini ni cha kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Mtu anaweza kukatwa kidole au mkono. Zima, acha presha ishuke, ndipo ushike spana.

Ukitaka kujua kama injekta kweli zimekufa, ipo njia isiyohitaji kung'oa injekta. Kila injekta ina tundu la kurudisha dizeli iliyozidi. Unafungua njia ya kurudishia, unaunganisha mipira minne myembamba, kila mmoja unaingia kwenye chupa yake ndogo, zote sawa. Unawasha gari dakika chache ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), unazima, unapanga chupa mezani. Zikilingana, tafuta ugonjwa sehemu nyingine. Moja ikijaa mara mbili ya wenzake, umempata mwizi wa presha. Fundi anayekwambia "zote nne" bila kupanga chupa mezani, mwombe apange.

---

Kigamboni 79

Hii ndiyo sababu mimi siachi 1HZ yangu. Land Cruiser pikapu, silinda sita, lita 4.2, haina kompyuta ya kuniambia P nini sijui. Imekunywa dizeli ya kila aina kutoka hapa mpaka Kilwa na kurudi.

---

Fundi Pampu

Kaka yangu wa Kigamboni, 1HZ ni injini ya heshima na sibishani nawe. Ila usilale. Pampu yake ni ile ya duara inayolainishwa na dizeli yenyewe, haina oili yake ya pembeni kama pampu za mstari za malori makubwa. Ukiingiziwa dizeli yenye mafuta ya taa, italainishwa na nini? Nimefungua pampu za 1HZ ambazo ndani zimeng'aa kama zimepigwa msasa, na unga wa chuma umeshaenda kwenye nozeli. Tofauti yenu ni kwamba gari yako inakufa polepole, inakupa muda wa kufika nyumbani. Maji mwage pia.

---

Kigamboni 79

Nimekuelewa fundi. Nimeenda kumwaga jioni hii, yametoka kama nusu kikombe cha kahawa. Sikutegemea.

---

Mama Ndoo

Samahanini kaka zangu, mimi nina L200, nasambaza vyakula vya shughuli, Sinza mpaka Mbweni. Dereva wangu haniambii kitu hadi gari izime na sufuria za watu ziko nyuma. Naomba mnieleze kwa lugha ya mtu asiye fundi: nifanye nini, kila baada ya muda gani? Nataka nimsimamie mwenyewe.

---

Fundi Pampu

Dada umeuliza vizuri.

Mwambie dereva kila Jumatatu asubuhi, gari ikiwa imelala, kabla hajawasha, amwage maji kwenye filta na akuletee kwenye chupa safi. Akuletee wewe uone. Gari ikiwa imelala maji yanakuwa yameshuka chini. Akimwaga baada ya safari yanakuwa yamechanganyika na hutapata kitu. Masika na vuli ifanyike kila wiki, kiangazi hata mara mbili kwa mwezi inatosha. Taa ya filta kwenye dashibodi ikiwaka wakati unaendesha, hiyo ni kwamba kikombe cha maji kimejaa. Simama umwage palepale, usiseme nifike kwanza.

Filta ya dizeli, kitabu cha gari kitakupa umbali mrefu. Kwa kazi ya Dar mimi nabadilisha kila kilomita 10,000. Wakati wa kufunga mpya, mafundi wengi wanaijaza dizeli kutoka kwenye chupa ili gari iwake haraka. Usikubali. Dizeli ile inaingia upande uliokwisha kuchujwa, uchafu wake unakwenda moja kwa moja kwenye pampu. Funga filta tupu, kisha bonyeza pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, hata kama ni mara hamsini. Ndipo upige selfu, usizidishe sekunde kumi na tano kwa mara moja.

Na filta yenyewe nunua wewe. Pale Gerezani, Kariakoo, utapata nzuri na utapata feki kwenye boksi linalofanana. Ishike mkononi: feki ni nyepesi, karatasi yake ina mikunjo michache iliyoachana, mpira wake mgumu kama plastiki. Ya zamani usiitupe, ipasueni muone ndani. Hapo utajua gari inakunywa nini.

Tangi lisishuke chini ya nusu usiku.

---

Mama Ndoo

Ubarikiwe sana. Nimeandika kwenye daftari la jikoni.

---

Mwekundu wa Mbezi

Nina Ranger, nataka kuongeza nguvu kwa chipu ya kuchomeka kwenye sensa ya reli. Jamaa yangu kafunga, gari inaruka. Wakuu mnasemaje?

---

Mzigo wa Pugu

Mkuu mimi ningekuwa wewe nisingeanza na hiyo. Nimeuliza sana baada ya masahibu yangu. Chipu nyingi za kuchomeka zinaidanganya kompyuta kwamba presha kwenye reli ni ndogo, basi kompyuta inaamuru pampu ikaze zaidi. Ukiwa na injekta zilizoanza kuvuja na filta iliyochoka, umeongeza mzigo kwa mgonjwa.

---

Fundi Pampu

Sahihi. Na dizeli ikizidi hewa, moto wa kutoka injini unapanda. Turbo na pistoni ndizo zinalipa. Ukiona moshi mweusi mzito kila ukikanyaga, hiyo ni dizeli unayoilipia inayotoka nje bila kuungua. Ukitaka nguvu kweli: filta safi ya dizeli, filta safi ya hewa, mipira ya turbo isivuje, chupa nne zilingane. Gari nyingi zinazoletwa kwangu "ziongezewe nguvu" zilikuwa tu zimepoteza nguvu zake za kiwandani. Baada ya hapo bado ukitaka, tafuta mtu wa kuandika upya programu ya kompyuta kwa vipimo vya gari yako yenyewe, siyo kiboksi.

---

Msoma Risiti

Naomba niongelee chanzo, yaani mafuta yenyewe, maana hapa tunalaumu magari.

Wakubwa mnakumbuka enzi za kuchakachua. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, watu wakawa wanayachanganya na dizeli kwa sababu ya faida. EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, wakaanzisha vinasaba mwaka 2010, ile dawa inayowekwa kwenye mafuta yanayouzwa humu nchini ili wakaguzi wakipima kituoni wajue kama yamechanganywa. Mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa, ile faida ikafa. Hali ikabadilika sana. Kisha kuanzia Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zikahamia dizeli yenye sulfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na hilo ni jema kwa injini hizi mpya.

Lakini vinasaba havikulindi na maji. Tangi la kituo liko ardhini, mvua zikinyesha na mfuniko haujafunga vizuri, maji yanaingia. Ndiyo maana mimi sijazi siku ambayo lori linashusha mafuta, yale ya chini yanakuwa yamevurugwa. Napita, narudi kesho. Bei kikomo inatangazwa na EWURA Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo ukikuta mtu anauza chini sana ya hapo, barabarani, kwenye dumu, jiulize kayatoa wapi. Na risiti ya EFD dai kila mara. Gari ikizima kilomita mbili baada ya kujaza, karatasi ile ndiyo sauti yako.

---

Kijana wa Temeke

Vipi kuhusu kuweka oili ya pikipiki kidogo kwenye tangi? Madereva wa daladala wanasema inalainisha pampu.

---

Fundi Pampu

Kwa pampu za zamani zilizoanza kuchoka nimeona wanaoweka, na sitawagombeza. Kwa injini ya reli mimi siweki na simshauri mteja. Dizeli yenye sulfa kidogo hutiwa kilainishi huko inakosafishwa, na injekta hizi hazitaki majivu ya oili. Hela hiyo ongezea filta.

---

Mzigo wa Pugu

Turudi kwenye filta ya pili. Kuna wanaosema nifunge ya mikroni 2 kabla ya ile ya gari, wengine mikroni 30. Fundi?

---

Fundi Pampu

Hapa ndipo watu wengi wanajiharibia kwa nia njema.

Hilux ya 1KD haina pampu ya umeme tangini. Pampu ya presha mbele ndiyo inayonyonya dizeli kutoka nyuma, kupitia bomba lote na filta. Ukiweka kichujio cha mikroni 2 kabla, unailazimisha inyonye kwa nguvu zaidi, na penye mvuto mkubwa hewa inapata njia kwenye kila klipu iliyolegea. Ya kwanza iwe mikroni 30, yenye kikombe cha kuonea chini, iliyotengenezwa kutenganisha maji. Kazi yake ni maji na mchanga. Ile ya gari ifanye kazi nyembamba kama ilivyokusudiwa. Mikroni 2 kabla ya ile ya gari labda uongeze na pampu ndogo ya umeme ya kusukuma, na hapo umeanzisha mradi mwingine wa waya na fyuzi.

Ifunge kwenye fremu mahali unapofikia kwa mkono na ambapo jiwe halipigi. Mipira iwe ya dizeli kweli, klipu mpya.

Na siku utakapofungua injekta kwa sababu yoyote, washa za chini zake (zile pete za kuzibia) ziwe mpya, usirudishie za zamani hata zikiwa zinang'aa. Kwenye 1KD washa ikivujisha, moto wa silinda unapita juu, masizi yanaingia kwenye oili, oili inakuwa lami, kichujio cha oili chini ya injini kinaziba, na hapo injini nzima inakufa kwa tatizo la washa. Ukibadilisha injekta yenyewe, ile namba ndefu iliyochongwa juu yake lazima iingizwe kwenye kompyuta, la sivyo gari itamisi na utasema umeuziwa mbovu.

---

Mzigo wa Pugu (mrejesho, mwezi wa nane)

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi.

Nilifunga filta ya mikroni 30 mwezi wa tano, upande wa kulia kwenye fremu, nyuma kidogo ya kabini ya dereva. Siku tatu za kwanza gari ilianza tena selfu ndefu asubuhi, nikaogopa kwamba injekta kweli zilikuwa zimekwisha na mimi nimejipa moyo bure.

Mzee wa Tabata akaja saa kumi na moja alfajiri kabla sijawasha. Akachomeka kipande cha mpira wa plastiki unaoonyesha ndani kati ya filta mpya na ya zamani, akanipa tochi nimulike, akapiga selfu. Dizeli ikawa inapita, na ndani yake mapovu madogo, moja, moja, moja, kama maji yanayoanza kuchemka. Hewa. Gari ikilala, dizeli inarudi nyuma tangini, asubuhi pampu inanyonya upepo kwanza. Tukafuata klipu moja moja kwa vidole vikavu. Ilikuwa klipu ya kuingilia filta mpya, niliyoifunga mimi mwenyewe. Nilikuwa nimekaza kwenye ukingo wa mpira badala ya nyuma ya tuta la bomba. Ameisogeza sentimita moja, akakaza. Mapovu yakaisha. Ufunguo nusu mzunguko, ikawaka.

Mvua za mwisho zilipopita, kikombe cha kuonea kilikuwa na maji kimo cha kucha ya kidole gumba. Ya gari, nilipomwaga, dizeli tupu. Maana yake yale maji yangekwenda mbele, sasa yanaishia pale.

Jana nimepandisha Kimara na mifuko 15, gia ya tatu, bila taa yoyote. Kipimo cha chupa nne nimefanya kwa Fundi Pampu Jumamosi, chupa zimelingana isipokuwa ya silinda ya tatu imezidi kidogo, kasema niilete tena baada ya kilomita 10,000 tuipime. Nitaweka matokeo hapa hapa.

---

Mama Ndoo

Kaka hongera. Dereva wangu sasa analeta chupa kila Jumatatu bila kukumbushwa. Ya wiki hii ilikuwa na maji kijiko kimoja. Nauliza, ile klipu mliyoisogeza sentimita moja, ni aina gani ulinunua? Nataka na mimi nifunge filta ya pili kabla ya vuli.

---

Mzigo wa Pugu

Dada, chukua zile za skrubu zenye ukingo laini usiokata mpira, mbili kila upande wa filta. Ukifika Gerezani nenda na kipande cha mpira wa zamani mkononi wakupimie hapo hapo.